Roki ya zamani si muziki wa wazee peke yao

Wengi huamini kwamba bendi kongwe za hevi metali, yaani roki nzito ya magitaa, zinaishi kwa kumbukumbu tu: mashabiki wamezeeka, nao wakiondoka muziki utazikwa pamoja nao. Si kweli hata kidogo.

Black Sabbath walianza Birmingham, Uingereza, mwaka 1968. Albamu yao ya kwanza kushika namba moja Marekani ilitoka 2013, miaka 45 baadaye! Wimbo wa Metallica wa mwaka 1986, "Master of Puppets", uliposikika kwenye tamthilia ya Stranger Things mwaka 2022, vijana ambao hawakuwa wamezaliwa ulipotungwa waliupokea kama mpya. Judas Priest, bendi nyingine kongwe, nao walitoa albamu mpya 2024.

Kinachowavuta vijana, kwa maoni yangu, ni sauti yenyewe. Mpiga gitaa wa Black Sabbath, Tony Iommi, alikatwa ncha za vidole viwili na mashine kiwandani. Akajitengenezea vifuniko vya vidole, akatafuta nyuzi nyepesi, baadaye akazilegeza ili zisimuumize. Sauti ya gitaa ikashuka, ikanguruma kwa uzito ambao wapigaji wa leo bado wanaufuata. Kijana anayeusikia mngurumo ule kwa mara ya kwanza hana cha kukumbuka, unamgusa palepale.