Kwa nini tangi la plastiki la rejeta haliyeyuki?

Fungua boneti ya gari dogo lolote la miaka ya karibuni utazame rejeta. Katikati ni alumini, lakini matangi yake meusi, lile linalopokea maji moto kutoka kwenye injini na lile linaloyarudisha, ni ya plastiki. Maji hayo huwa na nyuzijoto 90 hadi 105 za Selsiasi, chini ya shinikizo la karibu bar 1. Dumu la mafuta ya kula lingetepeta.

Tangi hilo huwa limechapwa alama ndogo: >PA66-GF30<. PA66 ni nailoni ya aina ile aliyoibuni Wallace Carothers wa kampuni ya DuPont, Marekani, mwaka 1935. GF30 maana yake asilimia 30 ya uzito wake ni vipande vifupi vya nyuzi za kioo.

Nailoni hiyo huyeyuka kwenye nyuzijoto 260 hivi, ila namba hiyo peke yake hudanganya. Ikiwa tupu, bila kioo, na imebebeshwa mzigo, huanza kupinda hata kabla ya nyuzijoto 100. Ikitiwa kioo, hustahimili mzigo uleule hadi karibu 250. Kioo hakipandishi joto la kuyeyukia. Kinafanya kazi ya nondo kwenye zege.

Basi kinacholiua tangi si kuyeyuka. Ni maji moto yenyewe, ambayo mwaka baada ya mwaka hukatakata minyororo ya molekuli za nailoni. Viwanda huchanganya dawa za kuchelewesha jambo hilo, lakini haziondoi uzee. Weusi hugeuka kahawia, hasa karibu na mdomo wa mpira wa juu, kisha nyufa nyembamba kama unywele hutokea pale meno ya alumini yanapolibana tangi. Mfuniko wa rejeta uliokwama huharakisha mambo, kwa kuwa shinikizo halipati pa kutokea.

Kupaka gundi ya epoksi juu ya ufa ni kupoteza pesa: nailoni iliyolowa kulanti (maji ya kupozea injini yenye dawa) haishiki gundi vizuri, na joto likipanda na kushuka gundi hubanduka. Fundi akibadilisha tangi, ainue meno kiasi tu cha kulitoa, maana yakikunjuliwa hadi mwisho hukatika. Aweke mpira mpya wa kuzibia, kisha aipime rejeta kwa pampu ya shinikizo kabla ya kuifunga.

Nyumba ya thamostati, vali inayoruhusu maji kwenda kwenye rejeta injini ikipata joto, nayo siku hizi mara nyingi ni plastiki. Matundu yake ya bolti huwa na bushi za chuma, yaani vibomba vifupi ambamo bolti hupita, na hizo si pambo: bila bushi, bolti huiminya plastiki, plastiki ikipata joto inabonyea taratibu, bolti inalegea, maji yanavuja. Bolti za M6 (unene wa milimita 6) hapo kwa kawaida hukazwa kwa nguvu ya Nm (nyutoni-mita) 10 tu, na spana ndefu hupita kiwango hicho bila mkono kuhisi.