Kabla hujafunga silinda kubwa: yanayosemwa kuhusu injini na eya klina ya chenso

Mteja akileta chenso, yaani msumeno wa mnyororo wa injini, kwa fundi huku nyanda za juu kusini mwa Tanzania, Mafinga au Njombe, ni nadra aseme imeharibika. Anasema haina nguvu. Na mara nyingi dawa keshaichagua mwenyewe: afungiwe silinda kubwa, ekzosi itobolewe, eya klina, yaani kichujio cha hewa, iondolewe au ibadilishwe kwa ile aliyoiona kwa jirani. Kabla ya kushika spana mimi huuliza mambo matatu: mnyororo umenolewa lini, eya klina imeoshwa lini, na petroli na oili amechanganya nani. Hilo la tatu ndilo huleta ubishi.

Haya ndiyo ninayoyasikia mara kwa mara, na majibu yangu.

"Eya klina inabana. Ukiitoa, chenso inachangamka."

Dhana hii ina chembe ya ukweli, ndiyo maana haifi. Eya klina iliyoziba inabana kweli. Hewa inapungua, petroli inazidi, moshi unaongezeka, plagi inatoka na masizi, na chenso inagugumia ukiigandamiza kwenye gogo. Ing'oe eya klina papo hapo na injini itaamka. Mtu anaondoka akiamini eya klina ni adui, kumbe alichothibitisha ni kwamba yake ilikuwa chafu.

Madhara hayaonekani siku hiyohiyo. Chukua Stihl MS 381, ambayo injini yake ni cc 72.2 (ujazo wa silinda). Ikizunguka mara 10,000 kwa dakika, kwa hesabu ya karatasi inavuta zaidi ya lita 700 za hewa kila dakika, na hewa hiyo inavutwa karibu kabisa na mahali mnyororo unapomwaga unga wa mbao. Gogo lenyewe limeburuzwa chini, gome limejaa mchanga. Gari lina oili yake kwenye sampu, bakuli lililo chini ya injini. Chenso ni injini ya mipigo miwili: hewa, petroli na oili vinapita pamoja kwenye karanki (mhimili unaozungushwa na pistoni) kwanza, kisha ndiyo vinapanda juu ya pistoni. Mchanga ulioingia unasaga beringi, unasaga ringi, unasaga kila kitu njiani. Fungua injini iliyofanya kazi bila eya klina, uitazame pistoni upande wa kabureta: ile mistari myembamba ya kiwandani imefutika, pamebaki pamepauka kama kisu kilichonolewa kwenye jiwe.

Halafu kuna mchanganyiko. Kabureta ilirekebishwa eya klina ikiwa mahali pake. Ukiiondoa, hewa inazidi petroli. Na kwa kuwa oili inasafiri ndani ya petroli, petroli ikipungua oili nayo imepungua. Resi inapanda, sauti inakuwa kali na tamu masikioni. Utamu huo ni wa injini inayokauka.

"Nikifunga eya klina ya kisasa nitapata nguvu zaidi."

Utapata muda zaidi kabla ya kuosha. Nguvu, ukilinganisha na eya klina ya kawaida iliyo safi, hutaona tofauti ukiwa umeshika mpini.

Eya klina ya neti ya nailoni ni rahisi kukung'uta, lakini vumbi laini linaipenya kuliko ile ya manyoya. Stihl wana aina wanayoiita HD2, yenye matundu madogo sana na inayooshwa vizuri kwa maji. Husqvarna kwenye mashine zao nyingi wanatumia feni ya injini kurusha vumbi zito nje kabla halijafika kwenye eya klina. Hayo ni maendeleo ya kweli. Kuna na jambo lingine ambalo wengi hawalijui: chenso nyingi za miaka ya karibuni zina kabureta inayosikia mgandamizo wa hewa baada ya eya klina, hivyo eya klina ikianza kuziba, kabureta inapunguza petroli yenyewe na mchanganyiko unabaki sawa. Nguvu inapungua polepole bila moshi wala kugugumia. Mwenye mashine ya namna hiyo asingoje dalili, aangalie tu kila anapojaza tangi.

Muhimu kuliko aina ni namna inavyokaa. Eya klina ya bei ya juu isiyobana vizuri kwenye ukingo ni sawa na kutokuwa nayo. Fungua, pitisha kitambaa cheupe kwenye mdomo wa kabureta. Kikitoka na vumbi, hewa inapita pembeni, na hapo ndipo bidhaa feki huumbuka: umbo linafanana, plastiki imepinda nusu milimita. Ila kwa haki, "imetengenezwa China" si neno jingine la feki. Stihl wenyewe wana kiwanda Qingdao.

"Eya klina inaziba kila saa, kwa hiyo ni mbovu."

Tazama kinachotoka kwenye mnyororo. Mnyororo mkali unatema chenga unazoweza kuziokota moja moja. Mnyororo butu unatoa unga, na unga ndio unaoziba. Mwendeshaji anaigandamiza chenso kwa sababu haiingii, injini inapata moto, unga unazidi, eya klina inaziba, nguvu inashuka, anagandamiza zaidi. Jioni anasema mashine imechoka. Tupa ya mviringo ya milimita 5.2 kwa mnyororo wa 3/8 wa Stihl, dakika kumi, na nusu ya malalamiko ya kukosa nguvu yanaishia hapo. Usisahau na vile vidole vya kupimia kina vilivyo mbele ya kila jino: meno yakinolewa mara nyingi bila kuvipunguza, mnyororo unateleza juu ya mti hata kama ni mkali kama wembe.

"Petroli ndiyo sabuni yake."

Petroli inalegeza gundi na manyoya yanaanza kuachia. Tumia maji ya uvuguvugu na sabuni, suuza, ianike kivulini mpaka ikauke kabisa. Upepo wa kompresa la kujazia matairi unaweza kuitoboa matundu usiyoyaona. Nunua ya pili, moja ifanye kazi nyingine ikauke.

"Silinda kubwa, nguvu kubwa."

Inawezekana, na zipo njia zinazojulikana kuwa zinafanya kazi. Husqvarna 365 ya zamani ina silinda ya kipenyo cha milimita 48, cc 65.1. Ndugu yake 372 XP ina milimita 50, cc 70.7, na mpigo wa pistoni ni uleule, milimita 36. Kwa hiyo silinda na pistoni ya 372 inakaa juu ya 365. Kwa takwimu za kiwanda, mashine ya kwanza ni kilowati 3.4 na ya pili 3.9. Hapo unaongeza kitu cha kushikika.

Seti za kuvuka hapo, zile za milimita 52 zinazouzwa na watengenezaji wengine, ndizo zenye maneno mengi. Cc zinafika 76.5, ongezeko la asilimia 8. Lakini kabureta ni ileile, mlango wa kuingizia hewa ni uleule, ekzosi ileile. Umepanua tumbo, koo umeliacha kama lilivyokuwa. Na seti ya bei rahisi huja na kingo za milango ya silinda zilizo kali, hazijapigwa tupa. Ringi inanasa na kukatika. Vile vipini vidogo vya kuzuia pini ya pistoni navyo hulegea. Fundi mzoefu anavitupa, anaweka vya asili.

Kosa kubwa zaidi ni kufunga silinda mpya juu ya karanki iliyochoka. Sili za karanki, zile raba za kuziba hewa, zikiwa ngumu zinaingiza hewa isiyopita kwenye kabureta wala eya klina. Silinda mpya haiwezi kulitibu hilo. Dalili ni kwamba ukiachia gesi, resi inachelewa kushuka, au silensa (mzunguko wa injini ukiwa umeachia gesi) inabadilika unapoigeuza chenso ubavu. Nimepokea mashine yenye silinda ya wiki moja, pistoni imekwaruzika upande wa ekzosi, na mwenyewe analaani duka. Duka halikuwa na hatia safari hiyo. Sili ya bei ya soda ndiyo iliyomla. Silinda ile ya kwanza nayo iliuawa na kitu, na kama hukukitafuta, ya pili itakufa vilevile. Ukishafunga, matangi matatu ya mwanzo usiipigishe resi ya mwisho bila mzigo.

"Silinda ikikwaruzika inachongwa, kama ya bodaboda."

Haichongwi. Pikipiki nyingi zina silivu ya chuma ndani. Silinda ya chenso ni alumini iliyopakwa utando mgumu mwembamba mno, wa kromu au wa nikeli yenye silikoni kabidi. Ukiuchonga umebaki na alumini tupu. Wakati mwingine unachokiona si mkwaruzo wa silinda bali alumini ya pistoni iliyoganda juu ya utando, na hiyo fundi anaweza kuiondoa.

"Toboa ekzosi ipumue."

Kwenye baadhi ya mashine inaongeza kidogo, endapo kabureta itarekebishwa kuongeza petroli baadaye. Wengi wanatoboa tu, hawagusi kabureta, na wanarudi kulekule kwenye ukavu. Pia wanang'oa ile wavu ya kuzuia cheche. Sasa fikiria shamba la misonobari Sao Hill mwezi wa tisa, majani makavu chini, utomvu kwenye kila shina. Kwangu ekzosi haitobolewi.

"Ongeza oili, injini ilindwe."

Uwiano wa 50 kwa 1 ni mililita 20 za oili kwa lita ya petroli, yaani 100 kwenye dumu la lita 5. Stihl wanakubali huo kwa oili yao. Kwa oili nyingine ya mipigo miwili wanaelekeza 25 kwa 1, mililita 40 kwa lita. Kumimina kwa kukadiria kwa kifuniko cha chupa kunaleta masizi kwenye mlango wa ekzosi, na kadiri oili inavyochukua nafasi ndivyo petroli inayopita inavyopungua. Oili ya gari haifai kabisa. Ndugu zetu wa pwani nao wanapenda kuchota ile ya boti, yenye alama ya TC-W3. Imetengenezwa kwa injini inayopozwa na maji. Chenso inapozwa na upepo, ina joto lingine.

"Kabureta ikishasetiwa, imesetiwa."

Njombe iko kama mita 2,000 juu ya bahari, na hewa ya huko ni nyepesi kuliko ya pwani kwa karibu asilimia 18. Chenso iliyorekebishwa Dar es Salaam ikipanda huku itakuwa na petroli nyingi: itavuta moshi, italegea, na mwenyewe atasema inahitaji silinda kubwa. Rekebisha kabureta kwanza, na ukubali kwamba sehemu ya nguvu imebaki pwani. Kinyume chake ndicho cha hatari. Iliyosetiwa Njombe ikishushwa Kilwa au Rufiji inakutana na hewa nzito, petroli haitoshi, na itaungua wakati ikilia vizuri kuliko ilivyowahi kulia.

Kwa hiyo ukishuka nayo, fungua skrubu ya H, ile ya kabureta inayopima petroli ya resi ya juu, kidogo kinyume cha saa kabla ya kukata gogo la kwanza. Kisha sikiliza kwa sekunde chache kwenye gesi ya mwisho bila mzigo: inatakiwa ikatekate kidogo, kama mtu anayetaka kukohoa, na sauti inyooke pale tu mnyororo unapozama kwenye mti.