Kijani cha mchicha kinakwenda wapi ukikamulia ndimu?

Chemsha mchicha dakika moja tu, utaona kijani chake kinakolea. Kamulia ndimu, acha uendelee kuchemka. Muda si mrefu unafifia na kuwa na rangi ya hudhurungi, kama majani yaliyokauka juani. Nafundisha fiziolojia ya mimea, na kila mwaka naanza somo la klorofili, yaani kile kinachoyapa majani rangi ya kijani, hapo hapo, kwenye sufuria.

Molekuli ya klorofili a, aina yake kuu, ina atomu 137. Katikati kabisa imekaa atomu moja ya magnesiamu, imeshikwa na atomu nne za nitrojeni. Asidi ya ndimu huing'oa magnesiamu hiyo na haidrojeni ikaingia mahali pake. Atomu moja imetoka, kijani kimekwisha. Ndiyo maana wapishi wanaotia magadi kwenye mlenda au kisamvu hupata mboga iliyobaki kijani: magadi hupunguza makali ya asidi, hata ile inayotoka ndani ya majani yenyewe yakipata moto. Ila magadi huharibu vitamini C, kwa hiyo mimi nachemsha kwa muda mfupi, sufuria wazi, na ndimu naikamulia mezani.

Kwa nini kijani na si rangi nyingine? Mwanga wa jua ni mchanganyiko wa rangi. Klorofili hunasa vizuri sana bluu na nyekundu, kijani hunasa kidogo. Wengi tulifundishwa kwamba jani hukataa kijani chote. Si kweli. Mwanga wa kijani huruka huku na huku kati ya seli, na sehemu kubwa mwishowe hunaswa. Kile kinachoponyoka ndicho kinachofika machoni mwetu. Nishati iliyonaswa hupasua maji, oksijeni ikatoka, kisha mmea ukatengeneza sukari kutokana na hewa ya ukaa. Unga wa ugali wako ulianzia hapo.

Wanafunzi huniuliza kuhusu mchicha mwekundu: huo unaishije bila kijani? Nawaambia wauchemshe. Wekundu unahamia kwenye maji, na majani yanabaki ya kijani. Klorofili ilikuwemo tangu mwanzo, imefunikwa tu.

Shambani jambo hili lina uzito zaidi, kwa sababu klorofili ni kitu kinachojengwa, na vifaa vya ujenzi vikipungua jani husema. Mahindi yakikosa nitrojeni, majani ya chini huanza kuwa manjano kutoka nchani, njano ikifuata uti wa jani kwa umbo la V. Mmea unavunja vilivyomo kwenye majani ya zamani ili kulisha machanga. Magnesiamu ikipungua, majani ya chini pia hugeuka, lakini kwa michirizi: mishipa inabaki kijani, katikati yake njano. Upungufu wa chuma huonekana kwanza kwenye majani machanga, juu. Mkulima anayeona njano akakimbilia urea, mbolea ya nitrojeni, bila kutazama ni majani yapi yamegeuka, anaweza kununua mbolea ya kukuzia ambayo mahindi yake hayakuihitaji.

Kwa hiyo ukinitumia picha ya mahindi yako, usipige shamba zima kutoka mbali. Piga jani moja la chini na moja la juu, kwa karibu, mchana penye mwanga.