Mkeka, usumba na mkonge: yanayosemwa Mtwara na Lindi, na ukweli wake

"Vyote ni vya asili, kwa hiyo vyote vifue kwa maji." Dhana hii imeharibu matandiko mengi ya sakafuni kuliko panya. Usumba unatoka kwenye makumbi ya nazi, ambayo hufukiwa kwenye tope la ufukweni kwa miezi kadhaa hadi yalainike, kisha yakapondwa nyuzi zikatoka. Uzi uliokaa kote huko majini hauiogopi ndoo yako, na ndiyo maana vifuta miguu vya mlangoni hutengenezwa kwa usumba. Mkonge ni kinyume chake: hunywa maji ukavimba, na ukikauka hunywea, zulia likabaki na madoa na mikunjo. Likimwagikiwa chai, gandamiza kitambaa kikavu papo hapo, usisugue. Mkeka wa ukindu, yaani makuti ya mkindu, mti wa jamii ya mtende, wenyewe futa kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, uanike kivulini hadi ukauke kabisa kabla ya kuukunja. Ukikunjwa mbichi wakati wa masika, ukungu hauchelewi.

"Mkonge ni mmea wetu wa tangu enzi." Aliyekua akiyaona mashamba ya mkonge ya Kikwetu, Lindi, ana sababu ya kudhani hivyo. Lakini mkonge asili yake ni Mexico. Mwaka 1893, Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo Mjerumani, aliagiza miche 1,000 kutoka Florida. Ilipitia Hamburg, na iliyofika Tanga ikiwa hai ilikuwa 62 tu.

"Mkeka hufumwa kama zulia." Hapana. Zulia la mkono linahitaji mtambo wenye nyuzi za mtande, zile za urefu, zilizotandazwa, na mshindio, uzi wa upana, ukapita katikati yake. Mkeka wa pwani hauna mtambo. Mtambo wake ni vidole. Makuti machanga ya mkindu hukatwa kabla hayajafunguka, huanikwa, huchanwa kuwa chane, na chane husukwa mshazari kuwa ukili, utepe mrefu unaozungushwa kama kamba ya mashua. Kisha ukili hushonwa ubavu kwa ubavu hadi upatikane upana unaotakiwa. Kwa hiyo ukinunua mkeka, usiishie kwenye maua yake. Ugeuze uvute mishono, maana kwa kawaida ndiyo hutangulia kuachia.

"Rangi za mikeka ni za mizizi na magome." Zamani, ndiyo: mizizi ya mdaa ilitoa weusi. Siku hizi nyingi ni rangi za unga za dukani, chane zikachemshwa nazo. Nzuri, sikatai, ila jua huzififisha na maji huzichujisha. Anayekuuzia waridi kali akiiita ya mizizi, mwombe akuonyeshe mti.

"Nondo watautafuna mkeka." Viwavi vya nondo wa nguo hula sufu na manyoya, zulia la sufu ndilo la kuhofia. Adui wa ukindu ni mchwa.

"Vishada vya zulia ni pambo." Kwenye zulia la mkono ni ncha za mtande wenyewe, ukivikata umegusa mwili wake. Kwenye la kiwandani mara nyingi vimeshonewa baadaye.

"Kuvuna ukindu huua mkindu." Inategemea mkono. Mkindu huota kwa kichaka chenye mashina mengi, na kila shina lina kilele kimoja. Ukitoa makuti machache, shina linaendelea. Ukikata kilele, shina hilo limekufa, ingawa wenzake kichakani wanabaki.