Je, wajua kwamba nchini Kenya kulewa peke yake si kosa?

Mtu akitoka baa saa nne usiku akiwa amelewa, akatembea polepole kuelekea kwake bila kumgusa wala kumtukana yeyote, je, polisi wanaruhusiwa kumkamata? Wakenya wengi watajibu kwamba wanaruhusiwa, kwa kuwa wameona majirani wakipakiwa kwenye gari la polisi kwa sababu hiyo hiyo. Sheria yenyewe inasema vingine.

Kosa la ulevi hadharani limo katika kifungu cha 33 cha Sheria ya Kudhibiti Vileo ya mwaka 2010, ambayo wengi huiita Sheria ya Mututho kwa jina la mbunge wa Naivasha wa wakati huo, John Mututho. Kifungu hicho kinampa polisi uwezo wa kumkamata bila hati mtu aliyelewa na asiyejiweza, au aliyelewa na anayefanya fujo, akiwa barabarani, dukani, hotelini au mahali pengine pa umma. Uzito wote umo katika neno hilo "na". Ulevi lazima uambatane na jambo la pili, na asiyethibitishiwa jambo hilo la pili hana kosa chini ya kifungu hiki, hata kama ananuka pombe. Wala kifungu hakitaji kiwango chochote cha kilevi mwilini, kwa hiyo hakuna kipimo cha pumzi kama kile anachopulizia dereva. Ushahidi huwa ni yale aliyoyaona na kuyasikia askari, naye hana budi kueleza fujo zenyewe zilikuwa zipi.

Asiyejiweza ni yule aliyeanguka mtaroni na hawezi kujifikisha nyumbani. Kwake yeye naona kwamba seli ni mahali pa hatari kuliko wengi wanavyodhani, kwa sababu aliyepigwa kichwani au aliyepungukiwa na sukari mwilini huonekana kama mlevi wa kawaida, na aliyekunywa pombe yenye methanoli, yaani kilevi chenye sumu, hulala kwanza kama walevi wengine, kisha saa nyingi baadaye macho yanapoteza nuru na pumzi inakuwa nzito. Mwezi wa Februari mwaka 2024 watu kadhaa wa Kangai, katika kaunti ya Kirinyaga, walikufa kwa pombe yenye sumu. Mtu asiyeamka akiitwa na kutikiswa apelekwe hospitalini kwanza. Mambo ya kituoni yatangoja.

Anayepelekwa kituoni huvuliwa mshipi na kamba za viatu, simu na pesa zake zikachukuliwa na kuandikwa, na jina lake likaingizwa katika kitabu cha matukio, ambacho kila mtu hukiita OB. Kuanzia hapo Ibara ya 49 ya Katiba inataka afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, ila saa hizo zikiishia siku ambayo mahakama haikai, polisi wana hadi mwisho wa siku ya mahakama inayofuata. Ndiyo maana aliyekamatwa Ijumaa usiku anaweza kumwona hakimu Jumatatu. Hata hivyo Ibara hiyo hiyo inampa haki ya kuachiliwa kwa dhamana yenye masharti ya kadiri, isipokuwa pawe na sababu nzito ya kumzuia. Bondi ya polisi, yaani ahadi ya maandishi ya kufika atakapotakiwa, hailipiwi chochote, na dhamana ya pesa taslimu sharti iandikiwe risiti, kisha irudishwe kesi ikiisha. Adhabu ya juu kabisa ya kosa hili ni faini ya shilingi 500, au kifungo cha miezi mitatu, au vyote viwili, nayo Katiba inakataza mtu kuwekwa rumande kwa kosa ambalo kifungo chake hakizidi miezi sita. Kumdai mtu shilingi 5,000 za dhamana kwa kosa la namna hiyo ni kumwonea.

Mahakamani ndiko wengi wanakojifunga wenyewe. Karani husoma shtaka, na mshtakiwa, aliyechoka na anayetaka kurudi kazini, hujibu "ni kweli" kabla shtaka halijamalizika kusomwa. Maneno hayo mawili huandikwa kuwa amekiri. Lakini tangu uamuzi wa kesi ya Adan dhidi ya Jamhuri, uliotolewa na Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki mwaka 1973, hakimu anatakiwa kuhakikisha kwamba mshtakiwa ameelewa kila sehemu ya kosa kwa lugha anayoifahamu, kisha maelezo ya tukio yasomwe, naye aulizwe kama anayakubali. Akisema, "Ni kweli nilikuwa nimelewa, lakini sikufanya fujo, nilikuwa naenda nyumbani," huyo hajakiri kosa, na hakimu anapaswa kuandika kwamba amekana, kisha askari aliyemkamata aitwe kutoa ushahidi.