Msosi wa Kijapani na Kiperu haukuzaliwa ghorofani

Watu wakiona picha za mgahawa wa SushiSamba pale London, ghorofa ya 38 na 39, lifti ya vioo na jiji lote chini, wanasema aah huu mchanganyiko wa sushi ya Wajapani (wali na samaki) na ceviche ya Waperu (samaki mbichi kwenye limau) ni mbwembwe tu za mashefu wa kisasa wanaotafuta hela za matajiri. Hapana jamani. Bei ya kule juu sawa, unalipia na view, hilo sibishi, ila chakula chenyewe kina historia ya jasho.

Mwaka 1899 meli ya Sakura Maru ilifika Peru na Wajapani 790, wengi wakaenda kupiga kazi kwenye mashamba ya miwa. Sasa hao watu walikuta bahari imejaa samaki, limau na pilipili za kule, wakaanza kupika walivyozoea kwa walichokikuta, na wengine baadaye wakafungua vijimgahawa vya kawaida kabisa Lima, mji mkuu wa Peru. Hata Nobu Matsuhisa, mpishi Mjapani, huyu wa migahawa maarufu ya Nobu, alipikia Lima miaka ya 1970 kabla hajawa staa.

Angalia tiradito, mlo mmoja wa mchanganyiko huu: samaki mbichi anakatwa slesi nyembamba kama sashimi ya Kijapani, hakuna kitunguu, tofauti na ceviche, halafu sosi ya limau na pilipili ya njano ya aji amarillo inamwagwa dakika ya mwisho. Ikifika mezani kula fasta, piga picha baadaye, maana ile asidi ikikaa samaki anageuka mweupe na kukaza.