Kumtumikisha mtoto majumbani maana yake nini hasa?

Watu wengi hapa Kigoma ukiwagusia utumikishwaji wa watoto majumbani wanafikiria hausigeli wa mshahara, yule aliyetolewa Kasulu au Kibondo akaletwa mjini kwa makubaliano ya hela ya mwezi. Huyo yupo ndio, ila kuna mwingine anaitwa mtoto wa dada au binti wa ndugu yetu kijijini, na kwa vile anaitwa ndugu basi hakuna anayemuona ni mfanyakazi, hana mshahara, hana siku ya kupumzika, na kwao wanajua kaja kusomeshwa.

Sasa mtu atasema mbona sisi wote tumekua tukiosha vyombo na kuteka maji? Kweli kabisa, na hayo ni malezi, sina shida nayo. Inageuka utumikishwaji pale kazi inapokula muda wa shule na wa kulala, au inapokuwa nzito kuliko umri wake. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakataza kumuajiri mtoto chini ya miaka 14, na akifika 14 ni kazi nyepesi tu ambayo haimdhuru wala haimkoseshi shule. Sheria ya Mtoto ya 2009 nayo inakataza kumfanyisha kazi usiku, yaani kuanzia saa mbili usiku mpaka saa kumi na mbili asubuhi.

Chukua hayo masaa halafu umuangalie binti niliyekuwa namkuta bombani Mwanga, darasa la sita wakati huo. Saa kumi alfajiri kashaamka, anasugua kwa majivu masufuria ya jana yaliyogandia mawese, anachemsha chai, anamvalisha mdogo wa pale nyumbani anampeleka chekechea ndo na yeye akimbilie shule, akifika kipindi cha kwanza kimeisha anasimamishwa nje na wachelewaji. Jioni yuko kwenye meza ya dagaa mpaka saa tatu. Siku moja nikaliona daftari lake la hisabati, mbele kuna maswali matatu hayajamaliziwa, nyuma kurasa nne zimejaa madeni ya dagaa ya shangazi yake, kwa mwandiko wake mzuri kweli.

Yaani shule haimpotezi binti kwa siku moja. Anaanza kusinzia, anakuja kuchelewa, anaruka siku za gulio, mwalimu anaandika mtoro na mtoro anachapwa, mwisho anaona aibu kukaa na wanaojua kusoma kuliko yeye. Ada ilifutwa tangu 2016 sekondari mpaka kidato cha nne, kwa hiyo nafasi yake darasani ipo, yeye ndo hana nafasi nyumbani. Na wapo wanaoambiwa kabisa wajifelishe mtihani wa darasa la saba ili Oktoba waende kufanya kazi kwa watu, hilo linaniuma kuliko yote.

Kwa nini wa kike zaidi? Kwa sababu kazi yake iko ndani na inaangukia asubuhi ile ile ya shule, jirani haioni.

Ukiwa na wasiwasi na binti wa jirani usimuulize kama anasoma, atakwambia ndio. Muulize jana kalala saa ngapi. Halafu nenda kwa mwenyekiti wa mtaa au afisa ustawi wa jamii, au piga 116, ile simu ya watoto, ni bure.